Elimu ya Hisani Isiwe Elimu ya Makombo

Mfadhili akifika kijijini na fedha za shule ya watoto wadogo, mazungumzo ya kwanza huwa ya matofali. Watu huulizana kiwanja kiko wapi, mabati yatatosha au hayatoshi, jiwe la msingi litawekwa na nani na jina litakaloandikwa ukutani ni la nani. Mwalimu huingia katika mazungumzo hayo mwishoni kabisa, na mara nyingi kwa sentensi moja tu: atatafutwa binti wa hapa hapa aliyemaliza shule na hana kazi, apewe kidogo cha kumsaidia. Naandika kupinga mpangilio huo. Naamini fedha za hisani zinazoingia katika elimu ya awali zinapaswa kumwendea mwalimu kwanza: kumfunza na, zaidi ya kumfunza, kumfuata darasani mwake mwaka baada ya mwaka. Shule iliyo kwenye chumba cha kuazima lakini yenye mwalimu wa namna hiyo inamfaa mtoto kuliko jengo jipya lenye mwalimu aliyeachiwa watoto na ufunguo. Ushahidi wa jambo hili hauko mbali. Uko hapa pwani, katika miongo kadhaa ya kazi iliyofanywa mbele ya macho yetu, nao unatiwa nguvu na yale yaliyopimwa kwingineko.

Ninazungumzia shule za awali za Madrasa, mpango uliozaliwa Mombasa katika miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka hiyo viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimfikishia Aga Khan wa Nne, Karim, jambo lililokuwa likiwauma. Watoto wao waliingia Darasa la Kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, wakabaki nyuma miaka yote, na wachache mno walifika elimu ya juu. Haikuwa kwa uvivu wala kwa uzito wa akili, maana watoto hao hao walikuwa wakihifadhi sura za Kurani kabla meno ya utoto hayajang'oka. Kilichokuwapo ni mgongano wa saa. Asubuhi ni moja. Mzazi wa Kiislamu mwenye kipato kidogo alitakiwa kuchagua kati ya chuo cha Kurani, ambako mwanawe angepata dini na adabu kwa ada anayoimudu, na nasari, ambayo ilikuwa ghali na aghalabu ikiendeshwa na kanisa au mtu binafsi, ambako angepata herufi na namba lakini mzazi hana hakika atarudi na malezi gani. Wengi walichagua chuo, na mimi naona walichagua kwa busara kulingana na kilichokuwa mezani. Lakini usaili wa kuingia Darasa la Kwanza haukuuliza sura. Uliuliza rangi, namba, herufi na majina ya vitu, na mtoto aliyekaa kimya mbele ya mwalimu mgeni aliandikwa kuwa hajui.

Mpango haukuanza na ramani ya jengo. Ulianza na maswali, ukamtafuta mtu wa kuyauliza ambaye milango ya watu ingemfungukia. Mtu huyo alikuwa Bi. Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa aliyeheshimika kwa wazazi na kwa viongozi wa dini, naye ndiye aliyekaa na jamii mpaka ukapatikana utaratibu ambao hakuna upande uliojiona umenyang'anywa chake. Kufikia mwaka 1986 kazi ilikuwa imeanza rasmi. Kilichotoka katika mashauriano hayo ni mtaala mmoja uliounganisha mafunzo ya dini, utamaduni wa Waswahili na mbinu za kisasa za kumfunza mtoto mdogo, katika asubuhi ile ile moja. Mtoto alianza siku kwa dua, akaimba kwa Kiswahili, akahesabu, akajenga, akachora, akasikiliza visa vya mitume, na mzazi hakulazimika tena kuchagua. Shule za mwanzo zilitumia nafasi zilizokuwapo, zikiwemo za madrasa zenyewe. Mwaka 1990 mpango ulivuka kwenda Zanzibar na mwaka 1993 ukafika Uganda, ukawa na vituo vya mafunzo Mombasa, Zanzibar na Kampala, na shule zilizopita mikononi mwake zikazidi 200. Watoto wa dini nyingine nao walipokelewa.

Linalonivutia zaidi katika historia hiyo ni jinsi gharama zilivyogawanywa, kwa sababu mfuko wa fedha husema ukweli kuliko hotuba. Jamii iliyotaka shule ilitafuta mahali, ikachagua kamati yenye wanawake ndani yake, ikakusanya karo na kumlipa mwalimu. Kituo cha mafunzo kilileta ujuzi, na pande zote mbili zikawekeana makubaliano. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa au kijiji kile kile, wengi wao wakiwa na elimu ya shule tu, bila chuo cha ualimu. Sote tunajua mtindo wa mafunzo uliozoeleka katika miradi yetu: semina ya siku tatu, posho kwenye bahasha, picha ya pamoja, cheti, kisha kila mtu arudi kwake kuendelea kama zamani. Madrasa walifanya vingine. Mwalimu alifunzwa, akarudi darasani, na mkufunzi akamfuata huko huko. Alikaa pembeni akitazama asubuhi nzima, na watoto walipoondoka wakakaa wawili kuzungumza kilichotokea: mtoto gani hakusema neno tangu asubuhi, swali gani lilizaa mazungumzo, kona gani haikuguswa na mtu. Ziara hizo ziliendelea kwa takriban miaka miwili kabla shule yenyewe, siyo mwalimu pekee, haijapimwa na kuhesabiwa kuwa imehitimu. Ukizitazama gharama hizo utaona kwamba fedha ya mfadhili ilikwenda hasa kwenye miguu na macho ya mkufunzi.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu ubora wa elimu ya awali ukizungumzwa kwa jumla jumla haumwachii mtu kitu. Katika darasa la namna hii kuna kona ya maji. Kuna beseni, na kando yake kapu la ukili lenye vifuu vya nazi vya ukubwa mbalimbali, kata, na chupa za plastiki zilizokatwa shingo. Vyote vimeokotwa. Mwalimu ambaye hajafunzwa ataona hapo watoto wanaolowesha nguo, atawaita mkekani waimbe a, e, i, o, u kwa pamoja. Mwalimu aliyefunzwa mara moja akaachwa atawaacha wacheze, maana aliambiwa mchezo ni mzuri, naye ataendelea na daftari la mahudhurio. Mwalimu anayefuatiliwa atachuchumaa karibu nao, asubiri, kisha aulize: hiki kifuu kikubwa kitajaza vidogo vingapi? Mtoto atakisia vitatu. Atamimina, vitajaa vinne na maji yatabaki kidogo. Hataambiwa amekosea. Ataulizwa anaonaje sasa, na kile kingine je, na jirani yake ataingilia kwamba kile kimetoboka chini hakifai kupimia. Katika dakika hizo chache watoto wamekadiria, wamehesabu, wamelinganisha, wamebishana kwa hoja na wametafuta maneno ya kueleza walichokiona. Baadaye watakusanyika, kila mmoja asimulie alichopanga kufanya na alichofanya, kwa kufuata utaratibu wa kupanga, kutenda na kukumbuka uliotoka kwa taasisi ya HighScope ya Marekani. Mtoto aliyezoea kusimulia mbele ya wenzake kila siku hatakaa kimya mbele ya mwalimu wa usaili.

Sasa, lile swali la kifuu halipatikani dukani, wala halifundishwi kwa mhadhara. Kujua wakati wa kuuliza na wakati wa kunyamaza, kutambua kwamba jibu la kushangaza la mtoto lina mantiki yake, kujizuia kumpa jibu: hayo mtu huyapata kwa kutazamwa na mwenye uzoefu na kurekebishwa kwa upole, tena na tena. Ndiyo maana naona ni kosa kusema shule imepata vifaa na kuhesabu kwamba imepata ubora. Vifuu vile vile vikipelekwa kwenye darasa ambalo mwalimu wake hana wa kumwongoza vitakaa kapuni mpaka viingie wadudu.

Yote haya yangekuwa imani tu kama yasingepimwa, na kwa bahati yamepimwa. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwafuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, wakilinganisha makundi matatu: waliosoma shule za Madrasa, waliosoma shule nyingine za awali katika maeneo hayo, na waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba watoto wa shule za awali za aina zote waliwapita waliobaki nyumbani, na kwamba wale wa Madrasa walipiga hatua kubwa kuliko wale wa shule nyingine. Vilivyopimwa vilikuwa vitu kama kuelewa maneno, dhana za mwanzo za namba na kutambua mifanano. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2011, uliohusu watoto zaidi ya 300, uliangalia pia ubora wa madarasa kwa kipimo maalumu cha uchunguzi, na ukaonyesha kwamba ubora huo ulikuwa na uhusiano na kasi ya maendeleo ya watoto. Maana yake kwangu ni nzito. Kumwandikisha mtoto shuleni kunasaidia, lakini kuna tofauti ya pili, iliyo ndani ya darasa, kati ya watoto ambao wote wameandikishwa na wote wanahesabiwa sawa katika takwimu za wizara.

Msomaji makini atasema watoto hao hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo huenda wazazi waliopeleka watoto Madrasa walikuwa na hamu zaidi ya elimu tangu mwanzo. Ni pingamizi la haki. Watafiti waliwapima watoto mwanzoni ili walinganishe hatua walizopiga, badala ya kutazama walikoishia tu, lakini hilo halifuti shaka yote. Ndiyo sababu ni muhimu kwamba mbinu ya HighScope, ambayo Madrasa waliiazima na kuivika kanzu ya pwani, ilijaribiwa kwa kura miaka mingi kabla. Huko Ypsilanti, jimbo la Michigan, kati ya mwaka 1962 na 1967, David Weikart na wenzake waliwagawa watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani Weusi: 58 wakaingia shule ya awali ya Perry, 65 hawakuingia. Shule ilikuwa ya nusu siku, na kila wiki mwalimu alimtembelea mtoto nyumbani na kukaa na mama yake. Watoto hao walifuatiliwa hadi wakawa watu wazima wa miaka 40. Waliopita Perry walimaliza shule ya sekondari kwa asilimia 77, wenzao kwa asilimia 60. Waliowahi kukamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36 kwa hawa na asilimia 55 kwa wale. Mwanauchumi James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alikadiria na wenzake kwamba kila fedha iliyowekwa pale iliirudishia jamii faida ya kati ya asilimia 7 na 10 kwa mwaka.

Wapo watakaosema hiyo ni Marekani, yenye walimu wenye digrii na madarasa yenye watoto wachache. Mambo hayo sisi hatuyawezi. Basi tutazame Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa kwa lishe duni. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki, kwa miaka miwili, na wahudumu wa afya wa kawaida waliomwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Hakukuwa na jengo hata moja. Miaka 20 baadaye vijana waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Kilichofanana kati ya Ypsilanti tajiri na Kingston maskini ni mtu mzima aliyefunzwa, mwenye msimamizi, anayezungumza na mtoto kwa utaratibu maalumu bila kukosa. Na hicho ndicho kilichokuwa Mombasa.

Pingamizi zito zaidi hapa kwetu halitoki kwa watafiti. Linatoka kwa wazazi. Wanasema: nimelipa karo, mwanangu anarudi na mchanga miguuni, daftari jeupe, na mtoto wa jirani wa shule ya kizungu anaandika jina lake. Sitawapuuza wazazi hawa, wala sikubaliani na wataalamu wanaowaita wajinga. Wanajua kwamba mlango wa shule nzuri ya msingi huwa na mtihani, na wanataka mtoto wao aupite. Lakini daftari lililojaa ni ushahidi wa kazi ya mkono, na mkono wa mtoto wa miaka minne unaweza kunakili mstari mzima wa herufi bila kichwa kujua hata sauti moja inayowakilishwa na herufi hizo. Watoto wa Madrasa hawakunyimwa herufi. Walizikuta kwenye majina yao yaliyoandikwa juu ya mifuko yao, kwenye vizibo vya soda, kwenye vitambaa vilivyoshonwa na mama zao, wakazisoma kwa kuwa zilikuwa zinasema jambo. Na lugha iliyotumika ilikuwa ile wanayoielewa. Pale mzazi alipoingizwa kwenye kamati, akaja kushona vitabu vya vitambaa na kutengeneza vidoli, aliona mwenyewe kinachofanyika, na malalamiko ya daftari yalipata jibu. Shule inayomficha mzazi kinachofanyika darasani haina haki ya kulalamika kwamba hamwelewi mwalimu.

Pingamizi jingine limepata nguvu mpya hivi karibuni. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa jimbo la Tennessee, Marekani, uliowafuatilia karibu watoto 3,000 wa familia zenye kipato kidogo, walioombewa nafasi katika shule za awali za serikali na kupata au kukosa kwa kura. Walipofika darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa na alama za chini kuliko waliokosa, na makosa zaidi ya nidhamu. Kwa wanaoamini elimu ya awali kwa ujumla wake, hiyo ni habari chungu, na wengine wameamua kuinyamazia. Mimi naona inafaa isomwe kwa sauti katika kila ofisi ya mradi. Dale Farran, mmoja wa watafiti hao, ambaye mwanzoni alitarajia matokeo mengine, alieleza hadharani anachokiona: watoto maskini hupelekwa kwenye shule za kukaririsha, za kupanga foleni na kunyamazishwa, ilhali matajiri huwachagulia watoto wao shule za mchezo, sanaa na mazungumzo. Utafiti wa Tennessee haukanushi ule wa Ypsilanti. Unatuambia kwamba mtoto maskini akipewa shule ya awali duni anaweza kutoka na hasara, na kwamba kusema "afadhali hicho kidogo kuliko kukosa kabisa" ni kumchezea kamari mtoto wa mwenzako. Hisani iliyozoea kumpa maskini makombo inakutana hapa na deni lake.

Kisha wapo wanaouliza kwa nini wahisani waingie kabisa, wakati hii ni kazi ya serikali. Nakubali ni kazi ya serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti. Zanzibar iliiingiza katika elimu ya lazima kwa sera yake ya mwaka 2006, na Tanzania Bara ikaweka mwaka mmoja wa elimu ya awali katika sera ya 2014, kisha ikaondoa ada. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2008, iliiacha ngazi hiyo mikononi mwa watu na mashirika binafsi. Lakini tuliyoyaona Bara baada ya ada kuondolewa ni funzo: watoto walimiminika, jambo la kushangilia, na mwalimu ambaye kwa mwongozo anapaswa kuwa na watoto 25 akajikuta katika shule nyingi na zaidi ya 100 chumbani. Hakuna swali la kifuu linaloulizwa hapo. Serikali ikibanwa hivyo huhesabu vichwa na vyumba, na atakayeshikilia kipimo cha ubora, akiendeleza darasa ambalo ofisa wa elimu anaweza kupelekwa akaone kwa macho yake kinachowezekana, atatoka nje ya serikali.

Ndivyo ilivyokuwa Deptford, mtaa wa makabwela kusini-mashariki mwa London, ambako ndugu wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua shule yao ya chekechea mwaka 1914. Ilikuwa bustani zaidi ya jengo: vibanda vilivyo wazi upande mmoja, miti, maji ya kuogea, chakula, hewa safi kwa watoto waliokuwa wakiugua matege na vidonda vya ngozi. Sheria ya elimu ya mwaka 1918 ikaziruhusu serikali za mitaa za Uingereza kugharimia shule za namna hiyo. Rachel alikwishafariki mwaka 1917, na Margaret akapigana miaka yote iliyobaki dhidi ya dhana kwamba kwa watoto wadogo yeyote mwenye moyo mwema anatosha. Alitaka mwalimu wao asome miaka mitatu kamili, na mwaka 1930, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, chuo cha ualimu chenye jina la Rachel kilifunguliwa pale pale Deptford. Vibanda vyake vilikuwa vya bei rahisi kwa makusudi. Mwalimu ndiye hakumfanyia urahisi.

Hadi hapo nimejibu mapingamizi ya watu wengine. Lipo moja ambalo ni la kwangu, na linanisumbua kuliko yote. Mfumo wa Madrasa ulimwachia nani mzigo wa mshahara? Jamii. Na jamii maskini, hata ikijituma namna gani, hulipa kimaskini. Msimu wa uvuvi ukiwa mbaya karo haiji, na karo isipokuja mwalimu hakopeshwi na muuza duka kwa maneno. Mwanamke aliyefunzwa vizuri, akafuatiliwa, akawa hodari, huwa pia ndiye wa kwanza kuonekana na shule binafsi yenye mabasi, au na serikali inapotangaza nafasi. Akiondoka, anayebaki ni msaidizi wake. Na asipoondoka, basi shule inasimama kwa sababu yeye amekubali kulipwa pungufu ya thamani ya kazi yake. Mfadhili mkubwa wa shule nyingi za hisani Afrika Mashariki ni mwalimu huyu wa kike, anayechangia kila mwezi kiasi kile ambacho hakulipwa, na jina lake haliandikwi ukutani. Tumezoea kumwambia thawabu yake iko kwa Mungu. Naamini iko, lakini hiyo si hesabu inayotuhusu sisi tunaomlipa. Mtaalamu wa kumfunza mtoto wa miaka minne ni mtaalamu kama muuguzi alivyo, na hakuna anayependekeza zahanati ya hisani iendeshwe kwa wauguzi wanaolipwa thawabu.

Mpango wenyewe uliliona tatizo hili. Shule zilizohitimu zilianzishiwa mifuko midogo ya akiba, jamii ikichanga na mpango ukiongeza, ili faida yake isaidie mishahara na matengenezo, na zikaunganishwa katika umoja wao zisaidiane na ziendelee kutembelewa. Hatua hizo zilikuwa sahihi, ila zilihitaji kuwa kubwa zaidi. Kama fedha zinazozikwa kila mwaka katika misingi ya madarasa mapya zingeingizwa katika mifuko ya namna hiyo, au katika wakfu wa mishahara, utaratibu ambao Waislamu wa pwani wameujua kwa karne nyingi kwa ajili ya misikiti na visima, mwalimu angeweza kubaki shuleni bila kujitoa sadaka. Wapo watakaosema fedha ya wakfu haionekani kama jengo linavyoonekana. Ni kweli, na anayesimamia atalazimika kutoa hesabu zilizo wazi kila mwaka mbele ya wazazi, jambo ambalo halitazidhuru kamati zetu.

Kwa hiyo wahisani wanaoulizia leo kiwanja huko Kwale, Pemba au Kilwa ningewaomba waulize mambo mengine kabla hawajafungua kitabu cha hundi. Mwalimu atalipwa kiasi gani mwezi wa Ramadhani na mwezi wa kusi kali, karo isipokusanyika? Mkufunzi wake ni nani, na atakuja mara ngapi baada ya picha za ufunguzi? Nauli yake ya boti au ya bodaboda, na siku zake za kukaa mkekani akitazama, zimeandikwa katika mstari gani wa bajeti, na kwa miaka mingapi? Kaunti na halmashauri, ambazo sasa zinaajiri walimu wa elimu ya awali kwa wingi kuliko mhisani yeyote atakavyoweza, zina haja ya wakufunzi hao hao. Waliolelewa na vituo vya Mombasa, Zanzibar na Kampala wanaweza kuwafunza wenzao, iwapo watatengewa mishahara na vyombo vya kusafiria kabla hawajastaafu wote. Chumba cha kuanzia kitapatikana. Vijiji vyetu vingi vina madrasa yenye nafasi asubuhi, na kapu la vifuu hujazwa kwa siku moja.